Giza la Kuchagua

Stima zilipotea Tala mwendo wa saa moja na nusu jioni. Soko zima likasema "Aaah!" kwa pamoja, kisha kila mtu akarudi kwa shughuli zake. Mama mboga akaegemeza simu kwenye rundo la sukuma, tochi ikiangalia nyanya. Mimi nilikuwa kwa duka la vitu vya umeme, nimeshika tyubu ya futi nne ambayo haijajaribiwa.

"Ngoja zirudi," mwenye duka akaniambia. "Siuzi kitu sijakiona kikiwaka."

Nikangoja, na kwa kungoja nikamkumbuka Dan Flavin. Huyu alikuwa msanii wa Marekani, akafariki 1996. Kuanzia 1963 alitengeneza kazi zake kwa tyubu kama hii yangu, za kununuliwa dukani tu. Anazipanga ukutani, anaziwasha, basi. Mwaka 2010 Tume ya Ulaya ikaamua kwamba kazi za namna hiyo zikipita forodhani zihesabiwe kama vifaa vya taa, si sanamu, na kodi yake ikawa kubwa zaidi. Hoja yao: kilicho ndani ya sanduku ni taa. Sanaa, kama ipo, ni ule mwanga zikishawashwa.

Watu wa sanaa walikasirika. Mimi nilicheka, halafu nikaona maafisa hao na mwenye duka wangu wanaongea lugha moja. Kama kazi ni mwanga, basi tokeni zikiisha hakuna kazi. Kuna plastiki na vioo.

Lakini kisa kinachonisumbua ni kingine. Mwaka 2012 Olafur Eliasson, msanii wa Denmaki mwenye asili ya Aislandi, pamoja na mhandisi Frederik Ottesen, walitoa taa ndogo ya sola yenye umbo la jua, Little Sun, kwa ajili ya watu wasio na stima. Ethiopia ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuipata. Eliasson anaiita kazi ya sanaa. Mwaka huo huo, pale Tate Modern, London, Jumamosi fulani usiku walizima taa za ukumbini, wageni wakatembea gizani na hizo taa ndogo wakiangalia picha.

Yaani blakauti ya kualikwa!

Sitaki kuwacheka sana. Ukimulika picha mwenyewe, kipande kwa kipande, labda unaiona vizuri kuliko ikiwa imemulikwa yote. Ila wao walijua swichi iko wapi.

Susu wangu alisuka viondo usiku kwa koroboi, na sisi wajukuu tulisomea hapo hapo. Asubuhi ukipenga kamasi, ni nyeusi. Koroboi moja haitoshi watu watano, kwa hivyo ukiivuta kwako umemnyima mwenzako. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma vizuri. Karibu na mtihani, Susu alikuwa anaisukuma upande wetu bila kusema neno, anaendelea kusuka kwa vidole. Asubuhi ungeona mistari ya rangi imekosewa. Anafumua, anaanza tena.

Kuna mtu atasema Susu alikuwa msanii wa mwanga. Tafadhali. Angekuchapa na huo mwiko. Alitaka tyubu, kama mimi. Lakini kama yule wa London, aliyechagua giza ili aone, yuko ndani ya sanaa, huyu aliyechagua giza ili wengine waone tumuweke wapi? Nimejaribu kujibu "upendo" na nikaona nimekwepa. Upendo ulikuwa kwa kila kitu alichofanya, hata kufua. Hiki kilikuwa na umbo: mkono, koroboi, duara la mwanga likihama kutoka kwa kiondo hadi kwa kitabu. Nikifumba macho naliona.

Saa tatu kasoro stima zikarudi. "Yeees!" soko likaitikia. Mwenye duka akachomeka tyubu yangu, ikapepesa mara tatu, ikashika, na sote wawili tukaiangalia kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akaizima.

"Unanichomea stima," akasema.