Shanta la Rafiki Yetu

Tulishuka Kaole saa mbili asubuhi, wanaume wanne wenye vitambi, kila mmoja na shanta mgongoni. Ni desturi yetu tangu chuo: mara moja kwa mwaka tunaacha wake, kazi na washarika, tunatembea. Zamani tulipanda milima. Mwaka huu magoti yaligoma, tukaamua kufuata pwani kutoka magofu ya Kaole hadi Bagamoyo mjini, kisha tuingie misheni ya Wakatoliki kuuona mnara ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 24, 1874. Ni kama kilomita 5 mpaka mjini. Kijana angezimaliza kwa saa moja. Sisi zilituchukua nusu siku, na wauza mihogo ya kukaanga wanajua sababu.

Mwenzetu mmoja alibaki nyuma tangu mwanzo. Shanta lake lilishiba hadi zipu ikakataa kufunga, akalikaza kwa kamba ya katani. Tukamtania: "Vipi bwana, unahama?" Nikamwambia alete nimpokee kidogo. "Acha tu, Mchungaji, nimeshalizoea." Nikaacha. Niliacha upesi mno, na ndiyo maana naandika haya juma hili.

Jina la Bagamoyo mnalijua. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kutoka bara na pembe za ndovu mabegani. Walipoiona bahari, wazee husimulia, walibwaga moyo: safari imekwisha, mzigo chini. Aliyefika pale na mnyororo shingoni naye alibwaga moyo, ila wake ulikuwa wa kukata tamaa, kwa sababu mbele yake kulikuwa na jahazi.

Mnara wenyewe si wa kutisha. Unaingia misheni kwa barabara yenye miembe mikubwa pande zote mbili, kisha unaukuta: masalia ya kanisa la 1872, kimo cha kawaida, kivuli kizuri. Anayetaka jengo la kupigia picha atasikitika kidogo. Mimi nilikaa pale karibu saa nzima, kwa sababu ya habari ya walioleta mzigo ule.

Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Watu wake wangeweza kumzika na kwenda zao, nani angewalaumu? Wao walitoa moyo na viungo vya ndani, wakavizika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakauviringisha kwa kitambaa na gome, wakaanza safari. Vinara wao walikuwa Chuma na Susi. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta ofisa Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Mbele zaidi wenyeji waligoma kupitishiwa maiti kwao. Basi wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua, wenzao wachache wakajifanya wanairudisha Unyanyembe ikazikwe, na mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo. Miezi tisa hivi, zaidi ya kilomita 1,500, kwa miguu.

Aprili 18, 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London. Wainwright alikuwepo. Chuma na Susi walifika Uingereza maziko yamekwisha. Jiwe la kaburi linataja kwamba aliletwa na mikono ya waaminifu. Mikono ya nani, jiwe halisemi.

Niliwaeleza wenzangu hayo yote kwa sauti ya mimbarani, nimesimama, kidole juu. Nilipomaliza, mwenye shanta zito alikuwa ameketi kivulini anatafuta maji. Ili aifikie chupa ilibidi atoe vitu kwanza. Akatoa pakiti mbili za pampasi za watu wazima. Akatoa bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, ina karatasi za hospitali. Akatoa mfuko wa dawa. Kisha chupa.

Hakuna aliyetania.

Mama yake alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, yuko Msata. Pampasi huzinunua Dar es Salaam kila mwisho wa juma, na siku ile angeunganisha basi kutoka Bagamoyo aende moja kwa moja. Bahasha hatembei bila hiyo, maana hali ikibadilika usiku hataki kuanza kutafuta vyeti. Ndugu zake wapo. Wanapiga simu.

Hayo ya kiharusi sisi tulikuwa tunayajua, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Mimi nilimwombea mama yule kanisani, kwa jina, mara mbili. Sikuwahi kuuliza nani anamgeuza usiku.

Paulo, kwenye sura ya 6 ya Wagalatia, anatuagiza tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele anasema kila mtu abebe wake. Wanafunzi wa Biblia hupenda kuniuliza kama mtume alijisahau. Hakujisahau. Kigiriki kina maneno mawili pale, na waliotutafsiria Biblia ya Union walilisikia hilo: kwanza wakaandika mzigo, kisha furushi. Furushi ni shanta lako, kila msafiri na lake. Mzigo ni ule unaolemea, ambao mtu mmoja akiachiwa utamvunja mgongo. Rafiki yetu alikuwa amebeba mzigo ndani ya furushi, sisi tukaona furushi tu. Na mtu aliyelemewa, wapendwa, mara nyingi ndiye atakayekwambia "nimeshalizoea". Ukilipokea jibu hilo kwa furaha, jichunguze.

Nimewahi kuhubiri mara nyingi, "Leteni mizigo yenu mbele za Bwana," watu wakaja mbele wakalia, tukaomba, tukafunga ibada, kila mmoja akarudi nyumbani na mzigo wake uleule kwa sababu hakuna mkono uliojitokeza kuupokea. Akina Chuma hawakusema neno zuri linalokumbukwa leo. Walipokezana.

Pale chini ya mnara tulitoa daftari. Kumwogesha mama ni kazi ya shangazi mtu, hilo halina mjadala. Lakini kupeleka pampasi na dawa, kukaa naye mchana, kulala sebuleni ili mtoto wake alale usingizi kamili usiku mmoja, hayo tunayaweza. Tukapanga zamu nne za mwezi. Rafiki yetu alibisha, kisha akanyamaza, kisha akauliza kama kuna mihogo iliyobaki.

Kutoka mnarani mpaka stendi shanta lake tulilibeba kwa kupokezana. Jumamosi hii zamu ya Msata ni yangu.