Safari Isiyo na Msiba

Kila Desemba, barabara ya kupanda kutoka Mwanga hadi Shighatini hujaa magari ya wana wa Upareni wanaorudi nyumbani. Ukoo hukusanyika kwa harusi, vikao na maziko, kisha hutawanyika. Hoja yangu ni kwamba ukoo unahitaji pia safari ya pamoja isiyo na jambo zito, ya kucheka tu na kuona nchi za jirani. Pa kwenda papo. Chini ya milima kuna Ziwa Jipe, tunalogawana na Kenya. Upande wa Same iko Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, inayopakana na Tsavo Magharibi. Ukivuka mpaka wa Holili unaingia Taveta, Kenya, ambako Kitaveta ni ndugu wa karibu wa Chasu, lugha ya Wapare. Bibi akiuliza bei ya ndizi kwa lugha yake, huenda akaeleweka.

Mtasema ni gharama. Lakini msiba ukitokea Dar es Salaam, tunachanga, tunakodi Kosta na hela zinapatikana. Tena kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Mwingine atasema wazee watachoka na watoto watagombania dirisha. Ni kweli, basi safari iwe fupi, na ugomvi huo ndio utani wa mabinamu wa kesho. Ndugu wanaokutana penye machozi na michango tu hujuana nusu. Kwa hiyo, kikao kijacho cha ukoo kiteue mweka hazina wa safari, na hati za kuvukia mpaka zishughulikiwe mapema.