Kabla moto wa kilio haujazimwa

Mwili tunauzika kijiji kizima, lakini maisha ya marehemu tunayaacha yajizike yenyewe. Hapa Lukafu, watu wa kilio wanazunguka moto hadi alfajiri, na bukari ikishaliwa ndipo wazee wanataja nani alipanda ule mwembe, nani aliwapokea watoto wetu walipozaliwa. Nayathamini masimulizi hayo kuliko hotuba yoyote ya makaburini. Kisha moto unazimwa, wageni wanarudi kwao, na habari zote zinaondoka nao. Lakini yaliyoandikwa hubaki: mwaka 1965, huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika kwa Kiswahili habari za watumishi wa majumbani, na hadi leo zinasomwa. Ukienda kwenye kilio, beba daftari. Uliza, andika, kisha uwasomee watoto wa marehemu.