Hesabu ya Kondoo na Hali ya Kondoo

Fungueni Mithali 27:23. Hapo mfugaji anaambiwa ajitahidi kujua hali ya mifugo yake. Ona neno lenyewe: hali. Hakuambiwa idadi.

Vijana kadhaa wameniuliza kama ni vibaya Mkristo kuangalia mifugo kwa droni. Si vibaya. Sheria za Kenya za mwaka 2020 zinaruhusu, mradi uisajili, upate kibali cha KCAA, na usiipandishe zaidi ya futi 400. Mimi nilisomea biashara, napenda kitu kinachookoa muda. Kwa mabonde yetu haya, dakika kumi tu unaona kundi lote, ua uliovunjika, na kondoo aliyebaki nyuma. (Ingawa asubuhi za ukungu wa Mau Narok, hata droni ya bei kali hubaki kwenye begi, kama sisi tunavyobaki kwenye blanketi.) Na jamani, usiirushe juu ya boma la jirani bila kumwambia. Hapa kwetu mashamba na mifugo vimewahi kugombanisha watu. Kitu kinachovuma juu ya zizi la mtu hakitaeleweka vizuri.

Lakini muulize mzee yeyote aliyefuga kondoo: minyoo unaijuaje? Atakuambia unamshika kondoo, unavuta kope la chini la jicho. Ndani pakiwa pekundu, ana damu. Pakiwa peupe kama karatasi, minyoo imeinywa. Na kondoo huyo jana alikuwa akitembea na wenzake. Kwenye picha ya juu alihesabiwa mzima.

Sasa tuje kanisani, kwa sababu hata sisi tuna droni zetu. Rejista ya Jumapili. Grupu ya WhatsApp. Ripoti ya sadaka kwa M-Pesa. Zote zinaonyesha kundi kutoka juu. Dada anaketi safu ya tatu kila wiki, anaimba, anatoa, na nyumbani watoto wamerudishwa kwa ajili ya karo, mume haongei naye. Kwenye rejista yupo.

Msidharau hesabu. Mchungaji wa Luka 15 angejuaje kwamba mmoja kati ya mia hayupo kama hakuhesabu? Lakini baada ya kuhesabu alitoka akamtafuta, na alipompata alimweka mabegani, na manyoya yake yenye matope. Kazi hiyo ya mabega haina mashine.

Kwa hivyo viongozi wa ushirika wa nyumbani, wiki hii msinitumie idadi. Kila mmoja atembelee nyumba mbili, na ziwe za wale wanaokuja kila Jumapili, ambao hatuna wasiwasi nao. Ketini, mnywe chai, msikimbilie maombi ya kufunga. Ulizeni, halafu mnyamaze msikie. Na mkikuta nyumba imekosa unga, nipigieni simu siku hiyo hiyo, msingoje ibada.