Sanamu ya Mungu Ni Nani?

Mwanzo 1:26–28, 2:7

Kabla ya kuyaendelea maneno haya, fungueni Biblia zenu mkaisome mistari iliyotajwa hapo juu. Isomeni polepole, maana tumeisikia tangu utoto, na neno lililozoeleka sikio halilisikii tena.

Siku moja nalikuwa nikifundisha darasa la ubatizo, nikawauliza wanafunzi: “Ni nani aliye mfano wa Mungu?” Mmoja akajibu, “Adamu.” Nikasema, “Na leo je?” Wakanyamaza kitambo, kisha kijana mmoja akasema, “Mchungaji.” Wengine wakacheka, lakini yeye hakuwa na mzaha. Ndipo mzee mmoja akasema, “Mwalimu, sote tulikuwa mfano wake, lakini tangu dhambi kuingia hatuwi tena.”

Jibu la mzee si la kudharauliwa. Haki ile ya kwanza tumeipoteza kweli, wala hatuwezi kujirudishia wenyewe. Twafanywa wapya katika Kristo, kama Paulo awafundishavyo Wakolosai katika sura ya 3. Lakini someni pia Mwanzo 9:6. Gharika imekwisha kupita, dhambi imejaa duniani, hata hivyo Mungu amkataza mtu kumwaga damu ya mwenziwe, na sababu aitoayo ni hiyo hiyo ya mfano wake. Basi liko jambo ambalo Mungu hakuliondoa kwa mwanadamu, hata aliyeanguka.

Ili tuone ukubwa wa jambo hili, yatupasa kujua mataifa yaliyokaa karibu na Israeli yalisema nini. Watu wa Babeli walisimulia kwamba miungu ilichoka kwa kazi. Basi mmoja wao akauawa, na kwa damu yake mtu akafanywa, apate kuibeba kazi ile na kuilisha miungu. Kwao mtu ni mtumwa tangu kuzaliwa kwake. Lakini wafalme walikuwa na cheo kingine. Tutankhamun wa Misri, aliyetawala miaka zaidi ya 1300 kabla ya Kristo, jina lake maana yake ni sanamu iliyo hai ya Amun, mungu wao. Aliye sanamu ya mungu ni yule aketiye katika kiti cha enzi. Mwenye jembe hakuhesabiwa.

Tena mwaka 1979 huko Shamu, mahali paitwapo Tell Fekheriye, ilionekana ardhini sanamu ya jiwe ya mfalme wa Guzana, yenye maandiko ya lugha mbili. Katika Kiaramu sanamu ile yaitwa kwa maneno mawili, nayo ni ndugu kabisa ya yale mawili ya Kiebrania tunayoyasoma kwetu kuwa “mfano” na “sura” katika Mwanzo 1:26. Mfalme aliisimamisha mbele ya mungu wake Hadadi, ili iwepo mahali asipoweza kuwapo mwenyewe.

Basi, angalieni Maandiko yafanyavyo. Neno lile la wafalme lachukuliwa, nalo lapewa kila mtu, mwanamume na mwanamke pamoja. Wala Mungu wetu hakuumba watu kwa sababu ya uchovu, wala hawaombi chakula. Katika mstari wa 29 yeye ndiye awapaye wao chakula. Naona hapo pia sababu moja ya kukatazwa kuchonga sanamu zake: amekwisha kujiwekea zake mwenyewe, nazo zapumua.

Hata hivyo mtu asijivune, maana sura ya pili yamrudisha chini. Adamu na ardhi kwa Kiebrania ni maneno ya shina moja, na kitendo cha Mungu katika 2:7 chatajwa kwa neno la kazi ya mfinyanzi. Wanaokaa karibu na wafinyanzi wamekwisha kuona jinsi alama za vidole zibakivyo katika udongo. Tajiri na maskini wametoka katika udongo ule ule, na pumzi waliyo nayo ni ya kupewa.

Kwa hiyo Yakobo ashangaa, katika 3:9, kwamba ulimi mmoja wamhimidi Baba na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake. Sisi walimu twaimba vizuri Jumapili. Jumatatu twamwitaje mchunga mbuzi, au mwenye ukoma, au mama auzaye pombe?

Nami sina budi kuungama jambo moja. Saa ile nilipokuwa nikiuliza swali langu, binti anayetumika nyumbani kwangu hakuwapo. Naye ameandikwa katika darasa lile kama wenziwe, lakini nalikuwa nimemtuma mtoni, kwa kuwa maji yalikwisha na wageni walikuwa njiani. Aliporudi, wenziwe walikuwa wamekwenda zao. Akatua ndoo, akapangusa uso, akaniuliza, “Baba, leo umewafundisha nini?”

Nikaona haya. Nikamketisha barazani, nikaifungua Biblia tena, nikaanza upya na mstari wa 26. Wageni wakatukuta tungali tukisoma.