Msamaha si Funguo za Sanduku

Pale Njisi, wilayani Kyela, Mto Songwe ndio mpaka kati yetu na Malawi. Upande huu watu hulima mpunga na kakao, husali na kuzikana. Na ng'ambo ya pili huishi vivyo hivyo. Lakini katika jambo moja sheria za pande hizi mbili zahitilafiana, nasi twaona mna fundisho ndani yake.

Ibara ya 67 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 yamzuia kugombea ubunge mtu ambaye, katika miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu, alitiwa hatiani na kutumikia kifungo kwa kosa la utovu wa uaminifu. Katiba ya Malawi, katika kifungu cha 51, yamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo ndani ya miaka 7. Je, moyo wa mwizi hutakasika upesi zaidi upande huu wa mto kuliko upande ule? Hasha! Hesabu hizo ni za wanadamu, ambao hawawezi kuyaona ya moyoni.

Wako wasemao: Ikiwa Mungu humsamehe mwenye kutubu mara moja, kwa nini sheria imzuie miaka yote hiyo? Hao wachanganya mambo mawili. Mweka hazina wa ushirika akila fedha za wakulima wa kakao, kisha akatubu, yawapasa jirani zake kumsamehe, kula naye, na kumsaidia kuzika mzazi wake. Haiwapasi kumrudishia siku ile ile funguo za sanduku. Msamaha ni wetu kuutoa. Amana si yetu, ni ya wajane na watoto walioiweka mikononi mwetu.

Hata hivyo, kizuizi kisicho na mwisho kingekuwa kisasi, kana kwamba hakuna mkosaji awezaye kugeuka. Tena, wa kumtia mtu hatiani ni mahakama, wala si chuki ya mshindani wake.

Basi, ndugu wasomaji, miaka ikiisha, sheria humfungulia mtu mlango tu. Haimshuhudii kuwa mwema. Kazi iliyosalia ni yetu wapiga kura. Zakayo hakungoja miaka ipite: aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Mtu wa namna hiyo ajapo kutuomba kura, tusimwulize tu kama adhabu yake imekwisha. Tumwulize kama alichokichukua amekirudisha.