Nasaba ni ya Nini?

Wako watu waliohifadhi majina ya babu zao hata wa kumi, na makusudio yao ni kujifakhiri tu. Fakhari hiyo haina uzito mbele ya Mwenyiezi Mungu. Nasaba yatakiwa kujuliwa ili jamaa waungwe, mirathi imfikie mwenye haki, na haramu isidhaniwe halali.

Tazama jambo la kunyonya. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mtoto asiyetimiza miaka 2 akinyonyeshwa na mwanamke mara 5 mbalimbali huwa ni mwanawe, na watoto wa mwanamke huyo huwa ndugu zake; hawaoani. Khabari hii aghalabu haimo katika shajara ya ukoo. Imo vifuani mwa mabibi wazee, na kwa ajili hiyo sharia hukubali katika jambo hili ushahidi wa wanawake 4 pasipo mwanamume.

Bibi akifa kabla ya kuulizwa, vijana huweza kuoana bila ya kujua; na khabari ikidhihiri baadaye, hapana budi watenganishwe, ijapokuwa wamekwisha zaa. Basi mwenye bibi yu hai na amwulize leo, aandike. Wallahu aalam.